Dosie ya Masika na Jeto za Bariere

Sogea karibu kidogo, wewe unayeuza vitu kwa simu. Najua unayo mkononi hata sasa, na kuna mteja anakuuliza bei ya mwisho. Mjibu kwanza, nitangoja. Mteja wa simu akikawia kujibiwa anahamia kwa mwingine. Mzee kama mimi hana pa kuhamia.

Umemaliza? Haya.

Mimi naitwa Papa Bauma. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kujaza fomu za kodi za watu wengine. Sikuwa mtu wa serikali. Nilikuwa na meza moja, viti viwili na turubai la kukinga mvua, kwanza Masisi kwenye baridi ya milima, baadaye Mubi kwenye joto la msitu. Mfanyabiashara aliyepata barua ya ofisi ya kodi alikuja kwangu. Nilimsomea, nikamweleza barua inataka nini, tukajaza fomu mstari kwa mstari, kisha mimi mwenyewe nikaipeleka dosie, yaani faili lenye karatasi zote, ofisini, maana wengi waliogopa hata kuukaribia mlango ule. Watoto wa Mubi walinipa jina la Papa Fomu. Likanifuata mpaka kanisani. Padri mwenyewe alinisalimia nalo.

Sasa macho yamechoka, nimeacha. Lakini vijana bado wanakuja nyumbani, na swali lao ni lile lile: "Papa, miye siko na duka, siko na meza ku soko. Niko natuma tu mapicha ku WhatsApp. Kodi ya nini?"

Nami huwa nawajibu hivi. Kodi ya mapato haitafuti mlango wenye kufuli. Inatafuta kile ulichobaki nacho baada ya kuuza. Ukiuza sabuni sokoni ukabaki na kitu, hilo ni pato. Ukiuza sabuni ile ile kwa picha na kwa sauti, mteja akalipa kwa simu, ukabaki na kitu, ni pato lile lile. Simu ni njia tu ya kufikia mnunuzi, kama vile meza ilivyo njia.

Usikunje uso. Sijasema kwamba kila franga inayoingia kwenye simu yako ni ya kodi. Hapo ndipo watu wanapoumizwa, na hapo ndipo mimi nilipokaribia kumpoteza mtu mzima, mama wa watoto. Nitafika huko. Niruhusu kwanza nianze na mengine mepesi.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Safari. Alikuwa na mashini ya kuandika iliyokosa herufi R, kwa hiyo kila R aliiongeza baadaye kwa kalamu, polepole, akiwa ametoa ulimi kidogo. Siku zangu za mwanzo nilimwandikia mfugaji mmoja fomu yake, na kwenye safu ya faida nikaweka mauzo yote ya maziwa ya mwaka mzima. Yote. Mzee yule aliposomewa kiasi alichotakiwa kulipa, aliketi chini kwenye majani, akavua kofia.

Papa Safari hakunipigia kelele. Kesho yake alinipeleka kwenye zizi la mzee yule wakati wa kukamua. Akanionyesha bidoni, dumu la maziwa, iliyojaa.

"Yote hii iko maziwa ya huyu papa?"

"Njo yake, Papa."

"Na ndama atakunywa nini? Na muchungaji mwenye alilala inje na mvua? Na muntu mwenye atabeba bidoni mpaka Goma, anabebaka bure? Toa ya ndama. Toa ya muchungaji. Toa ya mubebaji. Yenye inabakia ku chini ya bidoni, ile njo faida. Weye uliandika mpaka maziwa ya ndama."

Tangu siku ile, kila nilipokutana na mtu anayechanganya mauzo na faida nilimuuliza tu kama ameshamnyonyesha ndama. Nawe jiulize hivyo. Bei uliyonunulia mzigo ni ya ndama. Nauli ya pikipiki ni ya mbebaji. Hata pesa ya kuweka intaneti kwenye simu, kama unaiweka ili uuze, si faida yako.

Kulikuwa na mfugaji mwingine, Papa Yohana, mtu wa kanisa, mpole. Yeye alikuwa wa kwanza ninayemkumbuka kuuza kwa simu huko juu. Alipiga picha magurudumu yake ya fromaji, yaani jibini, yakiwa yamepangwa juu ya ubao, akawatumia watu wa Goma. Ikamjia barua inayomtaka afanye deklarasio. Sasa unajua kwetu kijana akimwambia msichana kwamba anampenda, tunasema amefanya deklarasio. Papa Yohana akaja kwangu na barua ameikunja mara nne.

"Bauma, niko na bibi, niko na watoto saba. Serikali inataka nideklare nani?"

Nilicheka mpaka akachukia. Kisha nikamweleza kwamba serikali inataka tu aseme mwenyewe, kwa maandishi, ameuza nini na amebaki na nini, kabla wao hawajamkisia. Neno hilo, kumkisia, ndilo la kukaa nalo. Usiposema wewe, ofisi itakisia. Na ofisi ikikisia hukisia juu, haikisii chini.

Basi vita ikaja juu ya milima yetu tena. Nilishuka na watu wengine, tukakaa Kashuga kwenye kambi ya wakimbizi kwa muda, mashini ya Papa Safari nikiwa nimeifunga mgongoni kama mtoto. Yeye alikuwa amekwisha kufa, kwa ugonjwa, na aliniachia. Huko kambini mtu alinipa mahindi nusu gunia, nikampa mashini. Sikulia siku ile. Nililia baadaye, Mubi, siku niliponunua kompyuta iliyotumika nikakuta herufi R iko mahali pake.

Mubi ni mji wa barabara. Malori, pikipiki, maduka ya bati, na nyuma yake msitu unaokwenda mpaka kwenye machimbo ya Omate. Wachimbaji wana pesa, na walio na pesa wanataka kuvaa. Ndipo alipoingia Masika.

Masika alikuwa mama wa Butembo, mkatoliki, sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mumewe aliendesha lori. Vita ilipoifunga barabara ya Goma lori likasimama, likaota majani kwenye matairi, na nyumba nzima, watoto watano na mama mkwe, ikaanza kula kutoka kwenye simu ya Masika. Aliuza vikwembe, ndivyo tunavyoita vitenge. Alikitundika kikwembe juu ya mlango wa nyumba ambapo jua linapiga vizuri, akapiga picha, akatuma kwenye kundi la wanawake wa Omate pamoja na sauti yake, kwa sababu wengi hawakupenda kusoma: "Ba mama, leo iko ile ya maua ya njano. Mwenye atakawia, ataiona ku mugongo wa mwenzake."

Omate hakukuwa na rezo, yaani mtandao wa simu, ila juu ya kilima kimoja. Saa nne asubuhi wanawake walipanda kilimani, wakasikiliza sauti ya Masika, wakachagua, wakatuma pesa, wakashuka. Kesho yake motari, mwendesha pikipiki wa kukodi, aliondoka Mubi na mzigo.

Na njiani kulikuwa na bariere, vizuizi vya barabarani vya kulipisha watu. Wewe uliyekulia mjini nisikilize vizuri hapa. Kulikuwa na bariere za wanajeshi wa serikali, na mbele zaidi, ndani ya msitu, bariere za watu wengine wenye silaha. Hao wa msituni ukilipa walikupa jeto, yaani kipande cha karatasi ya rangi chenye jina la mwezi na muhuri wao. Bila jeto ya mwezi ule hupiti. Lakini askari wa serikali akikukuta na jeto hiyo anakuuliza kwa nini unawalisha adui. Mwezi wa kisa hiki askari walikuwa wamemkamata motari mmoja aliyeficha jeto ndani ya kiatu. Wakampeleka Walikale, na mpaka wakati ninaousimulia mke wake alikuwa bado anauliza kwa kila dereva anayetoka huko. Na kinyume chake pia: ukikutwa msituni na risiti ya kodi ya serikali, unapigwa. Kila karatasi ilikuwa na upande wake wa barabara. Wote tulilijua hilo. Hata mimi nililijua.

Masika alikuja kwenye meza yangu siku moja ya mvua na barua ya ofisi ya kodi. Alikuwa ameificha chini ya godoro majuma kadhaa, akitumaini labda itajisahau. Zilibaki siku tano.

"Papa Fomu, soma polepole, nina presha."

Nikasoma. Ofisi ilikuwa imepata historia ya simu yake, kila kiasi kilichoingia kwa mwaka mzima, ikavijumlisha vyote na kuviita mauzo. Kwa jumla hiyo Masika hakuwa tena katika kundi la wachuuzi wadogo wanaolipa kiasi kilichopangwa. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa, wa kukaguliwa faida. Kiasi walichomdai kilikuwa kikubwa kuliko vikwembe vyote alivyokuwa navyo.

"Hii franga yote iko ya nani?" akauliza.

"Wanasema ni yako, mama."

"Yangu? Papa, angalia. Hii iko likelemba, tuko bamama kumi na mbili, tunawekeaka kwangu juu miye njo mwenye simu ya muzuri. Hii iko ya matanga ya mume wa Kahindo, kwaya yote ilituma kwangu. Hii iko minerval ya masomo, kaka yangu alituma ya mutoto wake. Banahesabu mpaka matanga? Mufu naye analipa kodi?"

Nilimwambia atulie. Nilimweleza kwamba jambo linaelezeka, na kweli lilielezeka. Pesa ya likelemba, yaani upatu, inapita mkononi mwako, si yako. Michango ya matanga si yako. Ada ya mtoto wa kaka si yako. Tungeandika orodha, wale wanawake kumi na wawili wangetia sahihi, kiongozi wa kwaya angetia sahihi. Kisha tungeonyesha gharama: bei ya kununulia vikwembe, nauli za motari. Mwisho ingebaki faida ya kweli, ndogo, ya mama mwenye watoto watano.

Kisha nikasema sentensi ambayo ningependa kuila. Nilikuwa nimeisema kwa mamia ya watu, nilijivunia uwazi wake. Nilisema, "Niletee kila karatasi ya kila kitu ulicholipia. Usiache hata moja."

Akaleta mfuko wa nailoni umejaa. Kwa siku tatu nilipanga. Motari waliandika malipo yao kwenye vipande vya daftari: nimepokea kiasi hiki kwa paketi ya Mama Masika, Omate, sahihi. Masika alikuwa ameshakibana kila kimoja juu ya karatasi nyingine kwa pini, kwa usafi kama wa mwalimu, nami nikafurahi, maana wateja wangu wengi waliniletea karatasi zilizofungiwa karanga. Nilisoma kila kipande kwa mbele, nikajumlisha, nikafunga dosie kwa kamba. Siku ya tano, saa tano asubuhi, niliipeleka ofisini, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Nikarudi kwenye meza yangu nikajiona mtu.

Alasiri Masika akaja na samaki wawili wa kukaushwa, kunishukuru.

"Papa, na zile za bariere zilitosha? Nilikuwa naogopa utanikatalia."

"Zipi za bariere?"

"Si zile jeto. Ulisema nisiache hata moja. Nilibana kila moja ku mugongo wa karatasi ya motari, ili bajue barabara ya Omate inakulaka ngapi."

Nilimwangalia. Yeye alikuwa akitabasamu bado. Kisha aliuona uso wangu, na tabasamu likaondoka taratibu, akajifunika mdomo kwa kitambaa.

Hakuwa mjinga, usimcheke. Alikuwa amefanya kile alichoambiwa na mtu aliyemwamini. Jeto kumi na mbili, zenye muhuri wa watu wa msituni, zilikuwa ndani ya ofisi ya serikali, ndani ya dosie yenye jina lake kamili, jina la baba yake na mtaa anaokaa. Na ofisi ilikuwa imefungwa mpaka kesho.

"Batanikamata?" akauliza.

Nikamwambia aende nyumbani, awapikie watoto, asimwambie mtu. Sikulala, na sidhani yeye alilala.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kabla haujafunguliwa. Sikumwogopa sana mkaguzi, tuliyemwita Chef tu, mtu mkali lakini wa haki. Nilimwogopa mtu wa usalama, mpelelezi wa serikali. Huyu hakuwa na ofisi yake, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la ofisi ya kodi, na kwa kuwa alichoka kukaa bure alichukua dosie yoyote mezani akaisoma, kama watu wanavyosoma gazeti. Siku ile alikuwa ameshafika. Koti la ngozi, miguu imenyooshwa, nikairuka ili niingie.

Chef alikuwa anajimiminia chai. Dosie ya Masika ilikuwa mezani mbele yake, ya juu kabisa, kamba yangu ikiwa bado imefungwa.

"Papa Fomu! Asubuhi hivi? Uliota kodi?"

"Chef, naomba ile dosie ya Mama Masika kidogo. Nilikosea kupanga."

"Ilisha kupigwa kashe ya kupokelewa."

"Dakika tano tu, Chef. Nitairudisha."

"Dosie ikiingia hapa haitoke. Iko sawa hospitali: unatoka na karatasi, ao unatoka na sanduku."

Yule wa benchi akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mama Masika gani? Ule wa bikwembe bya Omate?"

"Njo ule," akasema Chef.

"Omate." Alilirudia jina kama anayeonja chumvi. "Anapitishaka mizigo namna gani kule?"

"Na motari, mukubwa," nikajibu. "Sawa bantu bote."

Alinyoosha mkono. "Lete nione."

Nilifikiri kuiangusha chai juu ya meza. Kweli nilifikiri hivyo, nikakiangalia kikombe. Lakini Chef alikuwa ameshaishika dosie, anafungua kamba. "Ngoja nimalize. Kodi kwanza, kisha usalama," akasema, na mwenzake akarudisha mkono bila haraka.

Chef akafunua barua yetu, akasoma. Akafunua orodha ya likelemba, akahesabu sahihi kwa ncha ya kalamu, akatikisa kichwa kukubali. Akafunua ya matanga. Akafika kwenye karatasi za motari. Kidole chake kikapita juu ya pini ya kwanza, kikasita. Karatasi mbili zilizobanwa huwa na unene fulani, na mtu aliyeshika karatasi maisha yake yote anausikia kwenye ngozi. Akainua kona kidogo tu. Mimi niliiona rangi ya jeto kutoka niliposimama.

Nisingejua kukuambia alikaa hivyo muda gani. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilikuwa nafikiria watoto watano wa Masika na mama mkwe, na nani atawaambia.

Kisha akaifunga dosie kwa kishindo hata chai ikaruka.

"Hii ni kazi ya nini hii!" Sauti yake ilifika barabarani. "Makaratasi ya chini iko juu, ya juu iko chini! Unaniletea uchafu na mvi zako zote? Ondoa hii kitu mbele yangu!" Akaisukuma kifuani pangu, akachukua kalamu, akaufuta muhuri wa kupokelewa kwa mistari miwili. "Haijapokelewa! Atarudisha kesho, na penalite ya kukawia atalipa, na haitapungua!"

Mtu wa usalama alikuwa anacheka mpaka anajipigapiga goti. "Leo Papa Fomu naye amejazwa fomu!"

"Samehe, Chef," nikasema. "Samehe."

Alinisindikiza mlangoni, bado akifoka, mkono wake ukinisukuma begani. Tulipofika kizingitini aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Miye pia nafikaka Omate, Papa. Unafikiri napitaka na nini?" Kisha akapaza tena: "Kesho saa mbili! Saa mbili na dakika moja sipokei!"

Sikumbuki nilivyotembea mpaka kwenye meza yangu.

Masika alikuwa pale ananingoja, amekaa kwenye kiti cha wateja, amevaa viatu vyake vya kanisani. Baadaye aliniambia alivivaa kwa sababu alidhani atapelekwa Walikale, na hakutaka kupelekwa na kandambili. Tulizitoa pini pamoja, moja moja. Alitaka kuchoma jeto zote palepale. Nikamwuliza, na motari wa kesho atapita na nini? Basi za miezi iliyopita tukazitia kwenye jiko la mama mchoma chapati, ambaye hakuuliza kitu, na ile ya mwezi ule motari akaichukua. Alikoificha sikutaka kujua.

Ilibaki kumweleza jambo gumu zaidi. Zile pesa za bariere za msituni hatungeweza kuziandika popote.

"Kwa hiyo," akasema, "ile franga yenye balininyanganya ku barabara, serikali inaandika sawa iko mu nyumba yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na niko nalipa kodi juu yake?"

"Ndiyo."

Akazikusanya zile pini kiganjani. "Papa Fomu, weye unaelezaka muzuri sana. Lakini leo afazali ungenyamaza."

Tulirudisha dosie saa mbili kasoro. Likelemba ilikubaliwa, matanga yalikubaliwa, ada ya mtoto wa kaka ilikubaliwa. Masika akarudishwa kundi la wadogo. Alilipa kiasi chake na penalite juu yake, kwenye dirisha la malipo, si mkononi mwa mtu, akapewa risiti. Ilibidi auze nusu ya vikwembe kwa bei ya hasara, lakini juma lililofuata alikitundika kingine mlangoni, na sauti yake ikapanda tena kile kilima. Alinunua pia kadi ya pili ya simu, moja ya kuuzia, nyingine ya likelemba na ndugu. Hilo alilifikiria mwenyewe, sikumfundisha mimi. Ukiweza, fanya hivyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo sikulisema kwa miaka, na nakusimulia haya yote kwa ajili yake. Siku ile, tulipomaliza kutoa pini, Masika aliniomba msamaha. Alisema, "Papa, nisamehe, ujinga wangu ulitaka kukutia mu shida." Nami nikamjibu, "Nimekusamehe, mama, yameisha." Nilimsamehe! Mimi niliyesema asiache hata karatasi moja, mimi niliyejua kila karatasi ina upande wake wa barabara, mimi niliyechukua pesa yake ili nisome kwa niaba yake na sikusoma. Nilikubali kuombwa msamaha kwa kosa langu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kuogopa, na kwa sababu jina la Papa Fomu lilikuwa tamu.

Nilimwambia ukweli mwaka nilioacha kazi. Alinisikiliza akiwa anakunja kikwembe cha mteja. "Nilijua, Papa," akasema. "Niliona ulivyotetemeka ukitoa pini. Muntu asiye na kosa hatetemeki vile." Akaendelea kukunja.

Kwa hiyo, wewe mwenye simu, sikuambii uwe na ujasiri, maana mimi sikuwa nao. Siku utakayopeleka deklarasio yako, iwe umeijaza mwenyewe au umejaziwa na mtu unayemwamini, usiitoe nyumbani ikiwa imefungwa. Toa pini zote. Tandaza karatasi moja moja mezani, soma mbele, igeuze, soma nyuma, na ile usiyoielewa iweke kando uulize. Ukimaliza ya mwisho, ndipo uzibane upya na uende.